Kushinda bila kuvamia: mchezo wa kompyuta unatufundisha nini?



Kila Jumamosi mchana, kituo chetu cha vijana hapa Kalemie huwasha jenereta kwa muda wa saa mbili. Tuna kompyuta nne za zamani na vijana zaidi ya ishirini wanaozingojea. Siku ya kwanza tulipofungua mchezo unaoitwa Civilization IV, wote walinyamaza. Kompyuta ilikuwa inaimba Kiswahili! Ulikuwa wimbo "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana, ambao Mmarekani Christopher Tin aliutungia muziki kwa ajili ya mchezo huo mwaka 2005. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ndio muziki wa kwanza uliotungwa kwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Vijana wetu wanatoka katika jamii za Waluba na Watwa. Wengi wao walikuwa bado watoto wakati vijiji vilipochomwa katika mapigano ya 2016 na 2017. Kwa hiyo sikushangaa kuona kwamba kila aliyekaa mbele ya kompyuta alitengeneza askari kwanza, kisha akamtafuta jirani wa kumpiga. Katika makala hii nataka kueleza njia nyingine ya kuucheza mchezo huu, njia ya elimu na ujirani mwema, na pia maswali magumu ambayo njia hiyo ilituletea.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mchezaji anaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi moja la walowezi katika nchi asiyoijua. Anajenga mji, analima, anachimba madini, na kila baada ya zamu kadhaa anapata ufundi mpya: kufinyanga, kuandika, kufua chuma, mpaka umeme na kompyuta. Mataifa mengine yanaongozwa na kompyuta yenyewe. Mwisho ni mwaka 2050.

Kuna njia sita za kushinda. Unaweza kuwateka wote, au kutawala sehemu kubwa ya ardhi na watu. Lakini unaweza pia kuwa na miji mitatu yenye utamaduni mkubwa sana, kuchaguliwa kwa kura katika Umoja wa Mataifa, kutuma chombo cha anga kwenye nyota ya Alpha Centauri, au kuwa na alama nyingi kuliko wote muda unapokwisha. Vijana wetu walikuwa wanaziona njia mbili za kwanza tu.

Siri ya kibanda

Anayetaka kushinda kwa elimu lazima aelewe jambo moja: kitu kinachokua kinahitaji muda. Mfanyakazi wako anajenga kibanda kando ya mji. Mwanzoni kinaleta mapato kidogo tu. Watu wa mji wakikitumia kwa zamu 10, kinakuwa kitongoji. Baada ya zamu 20 nyingine kinakuwa kijiji, na baada ya zamu 40 tena kinakuwa mji mdogo wenye mapato mengi. Hizo ni zamu 70 za utulivu. Akipita askari mmoja wa adui na kupora, anarudisha nyuma kazi ya zamu nyingi kwa zamu moja. Sihitaji kumweleza mtu wa Tanganyika maana yake.

Mapato hayo ndiyo yanayolipia utafiti. Ukishajua kuandika, jenga maktaba: utafiti wa mji unaongezeka kwa robo. Maktaba pia inakuruhusu kuweka watu wawili wa sayansi, na kutoka kwao huzaliwa mwanasayansi mkubwa anayeweza kujenga taasisi inayoongeza utafiti wa mji huo kwa nusu nzima. Baadaye vinakuja vyuo vikuu. Wakati huohuo usiwe na pupa ya ardhi, kwa sababu kila mji mpya unaongeza gharama, na mji wa mbali unagharimu zaidi. Wengi wanafilisika kwa kupanuka haraka mno.

Jirani afaidike nawe

Ujuzi wa kuandika unafungua jambo jingine, nalo ni mkataba wa mipaka wazi. Wafanyabiashara wanapita na pande zote mbili zinapata. Ukiwa na herufi, unaweza kubadilishana ufundi: wewe unampa jirani ufundi mmoja, yeye anakupa mwingine. Mfalme Mansa Musa wa Mali, mmoja wa viongozi wanaochezwa na kompyuta, anapenda sana mabadilishano ya namna hii, na mara nyingi huwatangulia wapiganaji wote kwa elimu.

Kompyuta inaweka hesabu ya ujirani. Ukifanya biashara ya haki, ukasaidia wakati wa shida, unapata alama njema. Ukimvamia rafiki yake, ukawa na mipaka inayosuguana, alama zinapungua. Hesabu hiyo haisahauliki haraka.

Amani haina maana ya mlango wazi

Hapa tulikosea. Kijana mmoja wa miaka 19 alifuata maneno yangu yote akajenga maktaba nzuri, lakini katika kila mji aliweka mpiga mishale mmoja tu. Montezuma, mfalme wa Waazteki anayejulikana kwa kupenda vita, akaja akachukua miji mitatu. Kijana akanigeukia: "Yaya, ulisema tusipige. Ona sasa!"

Alikuwa na haki ya kulaumu. Viongozi wa kompyuta huangalia nguvu zako kabla ya kuamua, na mji usio na mlinzi unawaita. Anayecheza kwa amani anahitaji walinzi wa kutosha, kuta katika miji ya mpakani, na marafiki. Tofauti yake na mvamizi ni kwamba walinzi wake hawavuki mpaka.

Siku ya jaribu

Jaribu kubwa linakuja baadaye. Aliyewekeza katika elimu anapata bunduki wakati jirani yake bado ana pinde. Kijana yuleyule alifika hapo baada ya wiki kadhaa. Akaniuliza: "Sasa nimpige?" Nikamwambia kompyuta ni yake.

Akampiga. Akachukua miji miwili kwa urahisi. Kisha rafiki za yule jirani wakavunja biashara naye. Watu wake wakachoka na vita. Katika miji aliyoiteka, raia waliendelea kudai kurudi kwa taifa lao. Hazina ikapungua, utafiti ukapungua, na taifa jingine likarusha chombo chake cha anga kabla yake.

Siwadanganyi: si mara zote inakwenda hivyo. Wachezaji wengi wenye uzoefu wanavamia saa hiyohiyo, na wanashinda. Mtu dhaifu asiyepigana hatujui bado kama anapenda amani. Tutamjua siku atakapokuwa na nguvu kuliko jirani. Swali hilo tulilijadili siku nzima, na jenereta ilikuwa imekwisha zimwa.

Mahali ambapo mchezo unadanganya

Ramani ya mwanzo ina vijiji vidogo hapa na pale. Mtu wako akiingia ndani, mara nyingi unapata dhahabu, ramani au ufundi, kisha kijiji kinatoweka. Kwa miezi mingi hakuna aliyesema kitu. Halafu msichana mmoja Mtwa akauliza: "Wale watu wamekwenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Akasema: "Wale ni sisi."

Tangu siku hiyo tunaanza kila mchezo na swali lake. Mchezo unajifanya kwamba ardhi ilikuwa tupu, lakini kwetu hakuna ardhi tupu. Kuna msitu ambao babu za watu waliwinda, kuna makaburi, kuna mashamba yenye wenyewe. Vilevile, kuna wavamizi wasio na taifa ambao mchezo unawaita washenzi, na hao huwezi kuzungumza nao hata neno moja. Sisi tunaofanya kazi ya upatanishi tunajua kwamba hata kiongozi wa kikundi chenye silaha ana shangazi, ana mchungaji au mzee anayemsikiliza.

Hata elimu na biashara si dawa zenyewe. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, mchezaji anaweza kuongoza Ufalme wa Kongo chini ya Mvemba a Nzinga. Mfalme huyo aliishi kweli, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wanachukua watu wake kuwa watumwa, na akaomba mapadri na walimu badala yake. Mpaka ulikuwa wazi, lakini faida ilikwenda upande mmoja.

Kwa vituo vingine

Kama kituo chenu kina kompyuta, jaribuni. Wawekeni vijana wa jamii mbili kwenye kompyuta moja, waamue pamoja kila zamu. Baada ya mchezo, waulizeni maswali matatu: Jirani yako alipata nini kutoka kwako? Ulilinda nini? Ulipokuwa na nguvu, ulifanya nini? Pasipo umeme, tunatumia karatasi kubwa na mbegu za maharagwe: mbegu moja ikikaa raundi tatu bila kuporwa, inakuwa mbili.

Kijana wa miaka 19 na msichana yule sasa wanacheza pamoja kila Jumamosi. Wanabishana sana, hasa juu ya vile vijiji vidogo. Mpaka leo hawajarusha chombo chao. Mara ya mwisho walikuwa wamebakiza vipande viwili, saa mbili zikaisha. Mchezo wao tumeuhifadhi, wataendelea wiki ijayo.