Biskuti za Mwezi Mmoja

Mwaka 1891, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, vijana wawili kutoka Ufilipino walikuwa wamepanga chumba kimoja. José Rizal alikuwa daktari wa macho na mwandishi. José Alejandrino alikuwa mwanafunzi. Rizal alipopiga hesabu akaona kifungua kinywa cha mwenye nyumba kitawamaliza, akaenda dukani kununua chai, kahawa, sukari na boksi la biskuti. Alizihesabu moja moja, akazigawa mafungu mawili: kila mmoja na fungu lake la mwezi mzima. Alejandrino alikuja kusimulia kwamba zake ziliisha mapema, naye Rizal aliendelea kula kwa kipimo kile kile, bila kuzidisha.

Fedha walizokuwa wakizibania hivyo zilikuwa jasho la ndugu zao. Vijana hawa waliitwa ilustrado, yaani walioelimika. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ulikuwa umefupisha safari ya kutoka Manila kwenda Ulaya. Na baada ya mapadri watatu wazalendo, Gómez, Burgos na Zamora, kunyongwa na wakoloni wa Kihispania mwaka 1872, kusema wazi nyumbani kulikuwa kujitia kitanzi. Rizal aliondoka Mei 1882 bila hata wazazi wake kuambiwa. Miongoni mwa waliojua ni kaka yake Paciano, ambaye ndiye aliyemtumia pesa za matumizi, na dada yake Saturnina, aliyempa pete ya almasi. Pete hiyo iliwekwa rehani Ulaya siku za ukata.

Pesa za Paciano zilitoka katika mashamba ya miwa ya Calamba, ambayo familia iliyakodi kwa watawa wa Kidominiko. Mgogoro wa kodi ulipopamba moto, na wapangaji kufukuzwa kati ya mwaka 1890 na 1891, mfereji wa fedha ulikauka. Ndiyo maana kule Ghent kitabu cha pili cha Rizal, El Filibusterismo, kilikwama matbaani kikiwa nusu, mpaka rafiki yake Valentín Ventura alipotuma fedha kutoka Paris. Cha kwanza, Noli Me Tangere, kiliokolewa vivyo hivyo: Máximo Viola alimkopesha peso 300, nakala 2,000 zikachapwa Berlin mwaka 1887.

Kukopeshana, kulala chumba kimoja, kula pamoja: hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao kuu. Mjini Paris walikusanyika katika studio ya mchoraji Juan Luna, wakacheza kitara, na wengine wakakaa kuchorwa. Rizal ndiye anayeonekana kama chifu Sikatuna katika picha ya Luna ya kiapo cha damu. Luna aliposhinda medali ya dhahabu mjini Madrid mwaka 1884 na mchoraji mwenzake Hidalgo ya fedha, Wafilipino wenzao waliandaa karamu, na Rizal akasimama kuwasifu wote wawili. Shajara yake inaonyesha kwamba siku hiyo alikuwa ameshinda na njaa.

Si kila mtu alihesabu biskuti. Baadhi ya wenzao waliokuwa Madrid walizama kwenye kamari, na Rizal aliwalalamikia kwa barua, akiumizwa na pesa za wazazi zinazopotelea mezani.

Lakini mzigo mzito kuliko wote ulimwangukia Marcelo H. del Pilar. Mwanasheria huyu alimwacha mkewe Marciana na binti zake wawili, Sofía na Anita, mwaka 1888, akitegemea kurudi baada ya muda. Alipokea kutoka kwa Graciano López Jaena uhariri wa La Solidaridad, gazeti lililodai Ufilipino iwe na wabunge Madrid na Wafilipino wawe sawa mbele ya sheria. Michango kutoka nyumbani ilichelewa, kisha ikakatika. Barua zake kwa Marciana zinaeleza milo aliyoikosa na hamu ya kuwapakata wanawe. Inasimuliwa pia kwamba aliokota vipisi vya sigara barabarani. Gazeti lilifungwa Novemba 1895. López Jaena alifariki Barcelona Januari 1896 kwa kifua kikuu, na tarehe 4 Julai ugonjwa huo huo ukamchukua Del Pilar katika mji huo huo, wiki chache kabla ya mapinduzi kuanza nyumbani. Mifupa yake ilifika Manila mwaka 1920.