Konsoli ya bei ndogo: wametosha nini, wameacha nini?

Tarehe 12 ya mwezi wa kumi mwaka 2013, kampuni Nintendo ya Japani ilianza kuuzisha mu Ulaya na Marekani konsoli mupya ya kuchezea mu mikono. Jina lake ni 2DS. Ku Marekani bei yake ilikuwa dola 130 kasoro senti moja. Mukubwa wake, 3DS, alikuwa anauzwa dola 170. Tofauti ilikuwa dola 40, na juu ya zile dola 40 watu wamesema mingi: wengine wamecheka, wengine wamekasirika, wengine wamefungua kibeti bila kusema neno.

Tumeona vema kuwaletea habari hii, ninyi baba na mama wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, juu wakati wa Noeli watoto wanaanzaka kuomba. Kuko na sababu ingine: mu kile kitu cha plastiki kunaingiaka vyuma vya namna ile ile yenye mikono yenu inatosha mu udongo.

Tuanze na kitu chenyewe. 3DS ilitoka mwaka 2011 kwa dola 250. Sifa yake kubwa ilikuwa picha yenye kuonekana sawa inatoka inje ya ekrani, bila mutu kuvaa miwani. Watu hawakuikimbilia. Mbele mwaka uishe, bei ikashushwa mpaka dola 170. Sasa mu 2DS wametosha ile picha ya ajabu kabisa. Wametosha na bawaba, kile chuma chenye kinaacha kitu kifunguke na kufungika sawa kitabu. 2DS haifungiki, iko bapa, moja kwa moja, sawa kibao cha mutoto wa masomo. Spika nazo zimepunguzwa, inabaki moja. Mwenye anataka kusikia sauti pande mbili avae vya masikio.

Ajabu ingine imeonekana wakati mafundi waliifungua. Kwa macho ekrani ni mbili, moja juu na moja chini. Kumbe ndani ni ekrani moja tu, kubwa, na plastiki ya juu njo inaikata mara mbili. Kununua kioo kimoja kikubwa kunaweza kuwa rahisi kuliko kununua viwili vidogo. Lakini kamera mbili za nyuma zimebaki, zenye kupiga ile picha ya kutoka inje. Mutoto anaweza kuipiga, ila ku 2DS yake hataweza kuiona vile inapashwa kuonekana!

Watu wamepokea namna gani? Wakati kampuni ilitangaza habari, tarehe 28 ya mwezi wa munane, vijana wengi wenye kupenda michezo walicheka. Walisema inafanana na kipande cha jibini, ao inafaa kuzuia mulango usijifunge. Walisema haiingie mu mufuko wa suruali. Wengine waliuliza: kama mumetosha kitu chenye kilipatia konsoli jina lake, mumebakisha nini?

Wazazi wao walijibu kwa njia ingine. Nintendo yenyewe ilisemaka tangu mwanzo kwamba ile picha ya kutoka inje haifae kwa watoto wa miaka 6 na chini, juu macho yao yangali yanakomaa. Basi kwa mutoto wa miaka 5, wanatosha kitu chenye hakupashwa kutumia. Na bawaba? Kila mama mwenye aliisha kupatia mutoto kitu cha kufungua na kufunga anajua fasi gani kinavunjikaka kwanza. Michezo ya 3DS yote inaingia mu 2DS, na ile mingi ya DS ya zamani pia. Kwa hiyo mwenye kucheka anaangalia sura, na mwenye kulipa anaangalia kazi. Sisi tunasimama upande wa mwenye kulipa.

Lakini mwenye kulipa apige hesabu yote. Mchezo moja mupya, sawa Pokémon X ao Pokémon Y zenye zilitoka siku ile ile ya tarehe 12, ilikuwa dola 40. Dola 130 na 40, ilikuwa 170 mbele mutoto acheze hata dakika moja. Kisha mchezo utaisha na ataomba ingine. Batri inashika karibu masaa tatu na nusu mpaka tano na nusu; ku mitaa yenye umeme unakatikaka kila magaribi, mufikirie vizuri. Na mwenye kuwa na ndugu bilaya asikilize neno hili: michezo ya 3DS imefungwa kwa kila sehemu ya dunia. Kama kaka anatuma konsoli toka Ubelgiji na mama mudogo anatuma mchezo wa 3DS toka Marekani, vile viwili havitapatana. Muwaambie wote wanunue sehemu moja.

Sasa tuje ku habari yetu sisi. Wakati wakubwa wa kampuni walikaa kutafuta namna ya kushusha bei, walikata bawaba, spika, kioo, picha. Batri hawakuigusa: ile ya 2DS ni sawasawa na ya 3DS. Batri za namna hii, za lithiamu, kwa kawaida zinatengenezwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote yenye dunia inachimba inatoka mu inchi yetu. Vilevile mu vyombo vya namna hii kunakuwaka vipande vidogo vyenye kutunza umeme, na vingine vinatengenezwa na tantali, yenye kutoka mu koltani ya Kivu na ya Manono. Anasa njo inatoshwa. Kobalti haiko anasa.

Tunasema vile juu mutu asiwadanganye ku depo: ati ng'ambo wameshusha bei ya vyombo, basi na jiwe lako lishuke. Bei ya kobalti inaandikwa kila siku ya kazi ku soko la vyuma la London, haifuate bei ya michezo ya watoto. Muulize bei ya siku, muulize asilimia ya chuma mu jiwe, muangalie kilo na macho yenu.

Wenzetu wa Kivu wanajua uzito wa maneno ya mbali. Mwaka 2000, wakati dunia ilitaka telefoni na konsoli nyingi, koltani ilipanda sana; mwaka 2001 ikaanguka, na wengi walibaki na deni. Mu mwezi wa kenda 2010 Serikali ilisimamisha kuchimba mu Kivu mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Ilikuwa juu ya kuzuia vikundi vya silaha. Lakini siku ile ile posho ya mwenye hakushikaka bunduki ilikatika pia.

Mwaka 2012 shirika Enough Project la Marekani lilipima makampuni 24 ya vyombo vya umeme: nani anafuata madini yake mpaka ku shimo? Nintendo ilipata sifuri. Ilijibu kwamba kazi ya kutengeneza inafanywa na makampuni mengine, yenyewe haiingie mu kununua vyuma. Jibu lile halitutoshi. Mwenye aliweza kuhesabu bei ya bawaba, anaweza kuuliza batri ilitoka fasi gani. Na akiisha kuuliza, asikimbie Kongo. Anunue kwa njia safi na alipe vizuri.

Kama mutanunulia mutoto 2DS kwa Noeli, ni vizuri, haiko aibu hata kidogo, wenye kucheka wacheke. Ila deni la masomo liishe kwanza. Na siku mutoto atauliza ndani kuko nini, mumuambie: kuko kazi ya watu sawa baba.