Kobalti ya Kolwezi: daftari halidanganywi, lakini mizani je?

Betri ya simu unayosomea habari hii huenda ina kobalti kutoka Lualaba. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa huchimbwa kuzunguka mji wa Kolwezi.

Januari 2016, Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch walionyesha jinsi kobalti iliyochimbwa na watoto inavyoingia kwenye betri za kampuni kubwa. Tangu hapo wanunuzi wanatafuta namna ya kuthibitisha asili ya madini, na wengi wamekimbilia blokcheni: daftari la kidijitali ambalo nakala zake hukaa kwa wahusika wengi, hivyo hakuna anayeweza kubadilisha maandishi kimyakimya.

Januari 2019, Ford, IBM, LG Chem, Huayou na RCS Global walitangaza jaribio lao. Volvo ilifuata Novemba. Baadaye Glencore, CMOC na Eurasian Resources Group, wote wenye migodi Lualaba, walianzisha mfumo wa ReSource.

Kwa mgodi mkubwa kazi hii si ngumu sana, kwani mikono inayoshika madini ni michache. Kwa mchimbaji mdogo mambo ni tofauti. Kiroba hutoka shimoni, huoshwa, hupakiwa kwenye pikipiki na kuishia kwenye vibanda vya wanunuzi kama vya Musompo, nje ya Kolwezi. Hapo huchanganywa na vingine. Lebo ikikatwa na kufungwa kwenye kiroba kingine, simu itaisoma vilevile na daftari litautunza uongo huo kwa uaminifu. Wauzaji wa teknolojia hawapendi sana kulizungumzia hili.

Kuna pia kifaa kidogo cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita Metorex. Hupima kiwango cha madini ndani ya kiroba, na kiwango hicho ndicho kinachopanga bei. Kifaa ni cha mnunuzi. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka kwamba husoma chini, nao hawana kingine cha kulinganisha. Kukiunganisha na blokcheni bila mtu huru wa kukikagua ni kulifungia kosa kabatini.

Majaribio ya uzio na vitambulisho yamefanyika. Huko Mutoshi, Chemaf, Trafigura na shirika la Pact waliendesha mradi kuanzia 2018, ukasimama 2020 wakati wa korona. Serikali nayo iliunda Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019 ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wadogo.

Muda unakwenda. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za magari ya umeme zinazouzwa Umoja wa Ulaya zitahitaji pasipoti ya kidijitali. Mnunuzi anayeogopa karatasi atachukua kobalti ya migodi mikubwa pekee, na kiroba cha mchimbaji mdogo kitapita mlango wa nyuma, kwa bei ya mlango wa nyuma.