Breki Isiyoachia

Madereva wengi huiogopa breki isiyoshika, na ni haki waiogope. Lakini ni wachache waiogopao breki isiyoachia, ijapokuwa hatari yake si ndogo. Breki inayolisugua gurudumu njia nzima hupoteza petroli, humaliza lainingi, na hutoa joto jingi. Joto hilo likizidi, mafuta ya breki huchemka na kufanya mvuke ndani ya bomba. Hapo dereva anayeshuka mteremko mkali, kama ule wa Mai Mahiu, hukanyaga pedali ikazama mpaka chini, na gari lisipunguze mwendo. Hivyo breki iliyoshika mno asubuhi yaweza kuwa breki isiyoshika kabisa jioni.

Natuchukue mfano wa Land Rover kuukuu, zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1983. Magurudumu yake yote manne yana breki za ngoma. Ndani ya kila ngoma mna viatu viwili vya chuma vilivyovikwa lainingi. Mafuta yasukumwapo, pistoni huvitanua viatu hivyo. Dereva aondoapo mguu, springi huvirudisha mahali pake.

Kwanza yafaa kujua ni gurudumu lipi lenye kosa. Endesha gari kilometa chache bila kukanyaga breki sana, simama mahali tambarare, kisha upitishe mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lile lenye joto kuliko mengine ndilo lenye ugonjwa. Yakiwa na joto yote manne, tazama pedali kabla ya kufungua kitu. Pedali haina budi kucheza kidogo kabla ya kuanza kuisukuma silinda kuu. Isipocheza, tundu dogo la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, na mafuta hayapati njia ya kurudi. Kurekebisha kijiti cha pedali kwaweza kuwa dawa yote.

Ikiwa kosa ni la gurudumu moja, liinue kwa jeki. Hapa jihadhari sana. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, bali hushika shafti iliyo nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari laweza kubingirika ijapokuwa breki hiyo imevutwa. Basi weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Sasa kanyaga breki, achia, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, ujue mafuta yalikuwa yamefungiwa. Mara nyingi kosa huwa ni mpira wa breki, ambao kwa uzee huvimba ndani ukapitisha mafuta kwenda, lakini usiyapitishe kurudi. Kwa nje waweza kuonekana mzima. Hata hivyo, weka mpya. Ikiwa gurudumu lingali likigoma, fungua ngoma: huenda pistoni imeshikwa na kutu, springi imechoka, au viatu vimekazwa mno. Silinda yenye kutu ibadilishwe.

Vumbi la breki lifute kwa kitambaa kilicholowa, usilipulize, kwani lainingi nyingi za zamani zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Usitie mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, maana huvimbisha mipira yote. Tena, mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na maji hayo huleta kutu. Ni vyema yabadilishwe kila miaka 2. Kila ufunguapo bomba, toa hewa yote, kisha ujaribu gari polepole mahali tambarare kabla ya kuingia barabarani.

Wako madereva ambao humwagia gurudumu maji na kuendelea na safari. Maji hupoza chuma, lakini hayaondoi kosa, na ngoma yenye moto yaweza kupasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huyo wa breki, huenda asipate nafasi ya kuujenga.