Wanafunzi waandike habari za kwao: somo kutoka ngoro za Mbinga hadi Liuli

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unamtaka mwanafunzi aonyeshe umahiri badala ya kukariri majibu. Katika masomo ya jamii, yakiwemo Historia ya Tanzania na Maadili na Jiografia na Mazingira, njia mojawapo isiyo na gharama kubwa ni kumpa mwanafunzi kazi ya kuandika makala fupi kuhusu eneo lake, kisha wenzake waisome na kuihoji. Daftari la kawaida husomwa na mwalimu peke yake. Makala inayosomwa na darasa zima humlazimu mwandishi kuthibitisha anachosema.

Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, hazina uhaba wa mada. Katika milima ya Umatengo, kilimo cha ngoro kimehifadhi udongo wa miteremko mikali kwa vizazi vingi. Kwa desturi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo, na mazao hupandwa juu ya matuta yanayotokea. Nyasi huoza na kuwa mbolea, na shimo hukusanya maji ya mvua yasiporomoshe udongo. Mwanafunzi anayeuliza nyumbani kwa nini kazi imegawanywa hivyo, na kwa nini baadhi ya mashamba hayachimbwi tena ngoro, anajifunza jiografia, uchumi na mahusiano ya kijamii kwa wakati mmoja. Maelezo hayo wanayo zaidi wazee, na hawatakuwepo siku zote.

Kando ya Ziwa Nyasa ipo Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen wakati wa utawala wa Wajerumani. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, huku nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kwa macho ya maofisa wa pande mbili. Wavuvi na wakulima waliosikia mizinga hiyo hawatajwi sana, na hapo ndipo penye swali zuri la mwanafunzi wa Liuli: familia za hapa zilisimuliana nini?

Uandishi huo unahitaji utaratibu. Mwanafunzi achague swali moja, aandike tarehe ya mahojiano, na atenganishe alichokiona, alichosimuliwa na alichokisoma. Masimulizi mawili yakipingana, yote yaandikwe. Mwalimu asiharakishe kutoa hukumu. Shule ya milimani inaweza kubadilishana makala na shule ya ufukweni, kwa karatasi zilizobandikwa ukutani au kwa kompyuta pale zilipo. Mtoto aliyekulia kwenye kahawa atauliza kuhusu dagaa maswali ambayo mtoto wa mvuvi hajawahi kufikiria kuyajibu.

Makala zinapotoka nje ya shule, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 izingatiwe, kwani inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Jina la mzee aliyehojiwa liandikwe kwa ridhaa yake, na picha ya mwanafunzi haihitajiki ili makala ya ngoro ieleweke.