Ukibadilisha tairi, dashibodi nayo inadanganya

Msikilizaji, Korogwe hadi Handeni mjini ni lami, lakini ukikata kwenda vijijini unakutana na changarawe na makorongo. Ndiyo maana wengi wetu huliwekea gari dogo matairi makubwa, liinuke lisigonge mawe. Faida hiyo tunaikubali. Ila kuna jambo dogo la kujua.

Spidomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko, ikiamini tairi ni lile la kiwandani. Tairi kubwa hukata njia ndefu zaidi kwa kila mzunguko. Chukua 175/65 R14: kimo chake ni sentimita 58 hivi. Ukifunga 195/65 R15, kimo kinafika 63. Kama spidomita ilikuwa sahihi, sasa mshale ukiwa kwenye 50 gari linakwenda 54 hivi. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, kwa hiyo umeshavunja sheria na watoto wanavuka. Hata kilomita za kumwaga oili zinahesabiwa pungufu.

Na rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi? Inapendeza machoni, lakini hewa ya kupokea kishindo ni kidogo, hivyo kila shimo unalisikia kiunoni.

Ushauri wetu: vipimo vya kiwandani mara nyingi vipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usiviache mbali. Ukibadilisha, abiria ashike simu yenye GPS mlinganishe spidi. Tofauti mtakayoiona, dereva aikumbuke kila safari.