Umeme katika Gari la Kulala Kando ya Ziwa Tanganyika

Mada: Umeme wa mkondo. Dhana kuu: nguvu ya umeme, mkondo, ukinzani, fyuzi na breka, waya wa ethi.

Utangulizi

Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati na ni lango la Hifadhi za Gombe na Mahale. Wapo wageni wanaofika mkoani kwa barabara, wakiwa na magari yenye vitanda, friji na jiko dogo ndani yake. Wakifika kwenye kambi kando ya ziwa, huvuta waya kutoka kwenye soketi ya kambi mpaka kwenye gari. Gari hilo sasa ni nyumba ndogo inayotegemea soketi moja tu. Kwa mtahiniwa, huu ni mfano mzuri, kwa sababu karibu kila kanuni ya umeme wa majumbani imo ndani yake. Tena mambo haya hayawahusu wageni peke yao. Chumba cha kupanga Ujiji au Mwanga chenye ekstensheni moja inayolisha vifaa vyote kinafuata kanuni zile zile.

1. Soketi moja inabeba vifaa vingapi?

Umeme wa Tanzania hutolewa kwa volti 230 na marudio ya hezi 50. Kanuni ya kukumbuka ni hii:

Nguvu (wati) = Volteji (volti) × Mkondo (ampea), yaani P = VI

Chukua kwamba soketi ya kambi inalindwa na breka ya ampea 10. Nguvu ya juu inayoruhusiwa ni 230 × 10 = wati 2,300.

Mfano. Ndani ya gari kuna friji (W 100), taa nne za W 5 kila moja, feni (W 50), kompyuta pakato (W 60) na birika la umeme (W 2,000). Je, breka itakata umeme vyote vikiwashwa pamoja? Itakuwaje mtu akiongeza pasi ya W 1,000?

Suluhisho. Vifaa vimeungwa sambamba, hivyo kila kimoja kinapata volti 230, na mikondo yake inajumlishwa.
Jumla ya nguvu = 100 + 20 + 50 + 60 + 2,000 = W 2,230
Mkondo = 2,230 ÷ 230 = A 9.7. Breka haitakata.
Pasi ikiongezwa: 3,230 ÷ 230 = A 14.0. Breka itakata.

Angalia namba hizo tena. Friji, taa, feni na kompyuta kwa pamoja zinatumia ampea moja tu. Vifaa vinavyokula umeme mwingi ni vile vinavyotoa joto: birika, pasi, jiko na hita. Kwa hiyo tiba ni kupiga pasi kwanza, kisha kuchemsha chai. Hakuna haja ya kuzima taa.

2. Kwa nini usibadilishe breka kwa kubwa zaidi?

Breka inapokata mara kwa mara, wapo wanaoweka kubwa zaidi, au wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hapo ndipo moto unapoanzia. Joto linalotokea kwenye waya hutegemea mraba wa mkondo:

P = I²R

Mkondo ukipanda kutoka A 10 hadi A 14, joto kwenye waya linakaribia kuwa mara mbili, maana 14² ni 196 na 10² ni 100. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Sasa chukua ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya za shaba za milimita za mraba 1.5. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kukokotolea ni mita 100. Kwa ukinzani mahususi wa shaba wa 1.7 × 10⁻⁸ Ωm:

R = (1.7 × 10⁻⁸ × 100) ÷ (1.5 × 10⁻⁶) = Ω 1.13

Mkondo wa A 9.7 ukipita:
Volti zinazopotea njiani = 9.7 × 1.13 = V 11
Joto kwenye waya = 9.7² × 1.13 = W 106

Waya ukinyooshwa juu ya mchanga, joto hilo linatawanyika hewani. Ukiachwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto lote linabaki mahali pamoja, plastiki inalainika na nyaya zinaweza kugusana. Ndiyo maana ekstensheni hufunguliwa yote kabla ya kuitumia kwa birika au jiko, hata kama gari liko mita tano kutoka kwenye soketi.

3. Mchanga mbichi na miguu mitupu

Sehemu hii ndiyo ya kuokoa maisha. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, ambayo ni kihami. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi ya chuma, na waya wa ethi ukiwa umekatika, mkondo hauna njia ya kwenda ardhini. Breka haikati, taa zinawaka, na hakuna anayejua kuna hatari. Kisha mtu anatoka ziwani akiwa amelowa, miguu mitupu, anashika mlango. Yeye ndiye anayekuwa njia.

Tuchukue ukinzani wa mwili uliolowa kuwa Ω 1,000. Mkondo unaopita ni 230 ÷ 1,000 = A 0.23. Kiasi hicho kinaweza kuua, lakini kwa breka ya ampea 10 ni kidogo mno kuikatisha. Kumbuka basi: breka ya kawaida na fyuzi hulinda waya, hazimlindi mtu.

Mtu hulindwa na vitu viwili:
(a) Waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Hitilafu ikitokea, mkondo mkubwa unapita humo na breka inakata mara moja.
(b) Breka ya uvujaji. Hii hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kiasi kidogo, kwa kawaida miliampea 30, inakata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde.

4. Umeme wa betri

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wengi wanatumia taa za LED na betri badala ya karabai. Magari ya kulala nayo hutumia betri pale pasipo na soketi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya 12 × 100 = wati-saa 1,200. Taa za W 20 zikiwaka saa 6 zinatumia wati-saa 120 tu. Lakini birika la W 2,000 likiwashwa kupitia inveta, betri inadaiwa 2,000 ÷ 12 = A 167, hata kabla ya kuhesabu upotevu wa inveta. Waya mwembamba hauwezi kuubeba mkondo huo. Volteji ikiwa ndogo, nguvu ile ile inahitaji mkondo mkubwa.

Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

• Kusahau kuzidisha urefu wa waya kwa mbili.
• Kuandika kwamba fyuzi huungwa kwenye waya wa nyutro. Huungwa kwenye waya wa moto.
• Kuchanganya wati (nguvu) na wati-saa (nishati).

Maswali ya kujipima

1. Mgeni ana birika lililoandikwa V 120, W 1,200. Analiunga kwenye V 230. Kokotoa (a) ukinzani wake, (b) mkondo, (c) nguvu. Eleza kitakachotokea.
2. Pasi ya W 1,000 inatumika dakika 30. Mita ya LUKU itapungua uniti ngapi?
3. Kwa nini breka ya ampea 10 pekee haitoshi kumlinda anayegusa bodi yenye umeme?

Majibu

1. (a) 120² ÷ 1,200 = Ω 12. (b) 230 ÷ 12 = A 19.2. (c) 230² ÷ 12 = W 4,408, yaani karibu mara 3.7 ya nguvu iliyokusudiwa. Birika litaungua au kinga itakata.
2. kW 1 × saa 0.5 = uniti 0.5.
3. Mkondo unaoweza kumuua mtu ni mdogo sana kuliko ule unaoikatisha breka.